Ngozi ya Landrova

Banda la kuku la mama, kule kwetu Dongobesh, limeezekwa kwa boneti ya gari. Wageni wakiiona hucheka. Wengine hutaka kuinunua, maana siku hizi wanaotafuta chuma chakavu hawaachi hata sufuria iliyotoboka. Mama huwafukuza kwa maneno ambayo mwanamke wa jumuiya ya kanisa hapaswi hata kuyajua. Boneti ile haiuzwi. Iliingia kwetu mgongoni mwa punda, na siku hiyo kaka yangu mkubwa na baba nusura waachane kabisa.

Mimi nami sasa nina gari. Ni kagari kadogo kutoka Japani, keupe, kanawaka kwa kubonyeza kitufe kama redio. Naishi Babati, barabara ni lami, na bado nalalamika wiki nzima. Nalalamikia petroli, bima, na tairi la mbele linaloliwa upande mmoja. Fundi wangu ana wimbo wake: "Dada, hii ni bushi tu." Bushi zikibadilishwa, kelele inahamia kwenye shokapu. Nikishachoka kunung'unika namkumbuka baba, aliyemiliki gari kubwa kuliko akili zetu sote nyumbani, na hakuwahi kujua kuliendesha mpaka anaingia kaburini.

Ili ulielewe gari lile, inabidi kwanza uwaelewe ng'ombe.

Kwetu juu ni baridi, ardhi ni kidogo na yote ni mteremko. Mtu analima mahindi, maharage na mbaazi, na nyumbani anafuga ng'ombe wachache tu wa kumpa maziwa na samadi. Ukibahatika kuwa na wengi, huwaweki kwako, watakula mpaka paa la nyumba. Unawashusha bondeni kwa rafiki. Rafiki wa baba alikuwa Mbarabaig mmoja mrefu, mkimya, boma lake lilikuwa ng'ambo ya Basotu. Walikuwa marafiki tangu ujana wao, na kwa kuwa huyu hakukijua Kiiraqw cha kutosha na yule hakukijua Kibarabaig cha kutosha, Kiswahili ndicho kilichokuwa katikati yao. Kila mmoja alikivunja kwa namna yake, wakaelewana kuliko watu waliozaliwa nacho.

Sheria za ng'ombe wa rafiki zilijulikana na kila mtu, hata sisi watoto. Maziwa ni ya anayechunga. Samadi ni yake. Ndama ni wa mwenye ng'ombe. Na ng'ombe akifa, anayechunga anakula nyama na watu wake, lakini ngozi lazima aipandishe mlimani mwenyewe, na ngozi ije na masikio, ili mwenye mali aione alama yake iliyokatwa sikioni. Hapo hakuna shahidi wala karatasi. Ngozi ikifika, neno limefika.

Niliwahi kuiona ikiletwa. Yule mzee aliingia uani, akaitua chini, akasema, "Ng'ombe yako imekufa, rafiki. Nimeleta ngozi." Baba alichuchumaa, akayakunjua masikio, akayatazama, akasema, "Nimeona." Kisha wakaingia ndani kunywa chai. Nilidhani watu wazima wote ndivyo wanavyosalimiana.

Halafu ikaja ile miaka biashara ilipofunguliwa. Tulikuwa bado mkoa wa Arusha, neno Manyara lilikuwa la ziwa tu. Wanunuzi wa mbaazi wakaanza kuja na malori yao mpaka shambani, mitumba ikajaa kwenye minada, na watu ambao jana walikuwa wakipanga foleni ya sukari leo wakawa wanajadili bei ya mabati. Kule chini mashamba makubwa ya ngano yakawa yanapunguza magari yake ya zamani. Baba akaenda kuangalia tu. Mwenyewe alisisitiza hivyo mpaka uzeeni: alikwenda kuangalia tu.

Alirudi akiwa mtu mwingine. Hakula vizuri. Jioni anasimama uani akiutazama mteremko wetu kama anayepima kitu. Kisha akatangaza kuwa anauza ng'ombe wote wa bondeni, ananunua Landrova.

Mama alicheka kwanza. Alipoona baba hatanii, alinyamaza, na mama akinyamaza ujue kuna jambo. Kaka ndiye aliyefurahi. Alikuwa amejifunza kuendesha hukohuko kwenye mashamba ya ngano, na alikuwa na ndoto ya kuwa msafirishaji, mtu wa kuvaa kofia na kuitwa "bosi" pale mjini Katesh.

Siku lilipofika, kijiji kizima kilikuwa barabarani. Lilikuwa la kijivu, turubai limechanika, linanuka dizeli na vumbi la ngano. Mama alivaa kanga ya kanisani, akakaa mbele, mkono dirishani, wakamzungusha mpaka dukani na kurudi. Aliposhuka alisema, "Linatikisa figo," lakini kwa siku kadhaa alitembea tofauti.

Nakwambia, hakuna kazi kama kuwa na gari pekee kijijini. Linakuwa la kila mtu isipokuwa wewe unayelinunulia mafuta. Mjamzito ni wako, maiti ni yako, kwaya ni yako, bibi harusi ni wako pamoja na kabati lake. Tenki likivuja, tulilipaka sabuni ya kipande, tukaendelea na safari. Springi ikikatika, kaka aliifunga kwa kamba za ngozi mbichi ya ng'ombe, ikikauka inabana kama pingu, na ilidumu kuliko springi mpya. Stata ilikufa mapema na hakuna aliyeifufua. Kwetu ilikuwa anasa tu. Liliegeshwa juu ya mteremko, kaka anaachia breki, linashuka kimyakimya kama mwizi, halafu chini karibu na mgomba linakohoa na kuwaka. Hadi leo nikisikia injini ya dizeli ikikohoa asubuhi yenye ukungu, napata hamu ya uji wa mama.

Lakini baba hakuwa na raha. Alipokwenda kuwachukua ng'ombe wale, rafiki yake hakubisha. Aliwatoa wote zizini na akasaidia kuwaswaga mpaka mnadani. Kumbe jambo lililomchoma baba lilikuwa jingine. Wakati wa kuaga aliingia ndani ya nyumba ya rafiki yake, akaona vibuyu vya maziwa vimetundikwa ukutani, vimeoshwa, vikavu. Mama wa nyumba alimkaribisha vizuri tu. Baba alisema vile vibuyu vilimfuata njia nzima.

Basi mavuno ya kwanza yalipokwisha kubebwa, alituita, akasema, "Gari linakwenda bondeni."

"Kufanya nini?" kaka akauliza.

"Kukaa. Kwa rafiki yangu. Mpaka mavuno mengine."

"Baba, gari si ng'ombe."

"Ng'ombe ndio waliolinunua," baba akajibu, na kwake kesi ilikuwa imekwisha. Rafiki atalihifadhi, atalilisha, na maziwa yake, yaani nauli na mizigo, ni ya huko. Msimu wa mavuno litapanda kwetu. Mwenye gari anabaki mwenye gari. Mama alifunika uso kwa kanga. Kaka alitoka nje akapiga teke ndoo, ndoo ya watu isiyo na kosa. Mimi nilikuwa darasa la sita na niliona ni jambo la haki kabisa. Hata sasa siwezi kulicheka bila kuona uchungu kidogo. Ni sisi tu, watu wa kule, tungeweza kuliweka gari kwa rafiki kama mtamba.

Nilikuwamo siku ya kulishusha. Yule mzee alilizunguka polepole, mikono nyuma. Akauliza maswali ya maana. Linakunywa kila siku au siku linapotembea tu? Likipumzika muda mrefu miguu yake haifi? Kisha mke wake akaja na samli kwenye kibuyu, akaipaka boneti katikati, pale ambapo ng'ombe angekuwa na paji la uso, akatia na majani mabichi kwenye bampa. Jioni wakaliingiza ndani ya boma la miiba pamoja na mifugo iliyobaki, wakaziba mlango kwa matawi. Kaka alitazama pembeni kwa aibu. Baba alikuwa anatabasamu.

Tatizo la bondeni ni kwamba hakuna mteremko. Walipata dereva, mtu mzima wa Katesh aliyewahi kuendesha matrekta ya ngano, naye akawaambia wazi kwamba bila stata gari halitawaka. Wakafunga maksai wawili mbele. Kila asubuhi maksai wanalivuta tambarare, dereva anaachia klachi, linawaka, halafu mtu anakimbia kuwafungua maksai kabla hawajagongwa. Watu wa Basotu walipanga muda wao kwa tukio hilo.

Ikaenda hivyo misimu kadhaa, na niseme kweli, ilikuwa miaka mizuri. Gari lilirudi kwetu kila mavuno likiwa limeoshwa, mara lina tairi jipya, mara turubai limeshonwa kwa uzi wa mishipa ya ng'ombe. Baba alikuwa akilipapasa mbavu, akiinama kutazama chini, halafu anasema, "Amenenepa." Vibuyu kule chini vikawa na maziwa tena, maana kwa nauli za gari mzee alinunua mitamba. Dereva alipopita kwetu alituletea samli na salamu. Hata kaka alianza kulegea, ingawa ndoto ya kofia haikumtoka.

Kisha ukaja mwaka wa mvua nyingi. Madaraja yalikatika, hazikupita barua wala watu. Mavuno yakafika na gari halikupanda. Mbaazi zetu zililala ghalani zikiliwa na wadudu. Majirani wakaanza maneno: Landrova imeonekana Singida imepakwa rangi ya bluu. Hapana, imekatwakatwa, spea zake zinauzwa Katesh kwenye magunia. Kaka aliyaokota maneno yote akayaleta nyumbani. Kila mlo ilikuwa vita. "Umempa mtu mali yetu, baba. Tumebaki na nini? Tumebaki na hadithi." Baba aliendelea kula. Lakini nilimwona akitazama barabara kila jioni, na kwa mara ya kwanza nilimwona anaogopa. Hakuogopa kupoteza gari. Magari yanakufa, hilo alilijua. Aliogopa kwamba rafiki yake hatakuja.

Walikuja saa za mchana, mimi nikipura maharage uani. Kwanza nilimwona punda, na juu ya punda kitu kipana cha kijivu, nikadhani ni meza. Nyuma yake yule mzee, shuka lake limejaa matope mpaka kiunoni, amekonda, anatembea kwa fimbo. Nilipiga magoti kidogo, nikasema, "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Baba yako yupo?"

Baba alikuwa ameshatoka mlangoni. Kaka naye, na mama nyuma yao. Yule mzee alifungua kamba bila kusaidiwa, akaishusha ile boneti, akailaza chini mbele ya baba. Kisha akatoa kwenye shuka namba mbili za gari, ya mbele na ya nyuma, zimepinda, akaziweka juu yake, moja kushoto na nyingine kulia.

"Ng'ombe yako imekufa, rafiki. Nimeleta ngozi," akasema. "Na masikio."

Kaka alicheka, kicheko kibaya. "Mzee, boneti hata gerejini inauzwa. Injini iko wapi? Gea boksi? Baba, huyu amekula gari zima, amekuletea kwato!"

Sijawahi kumwona baba akimgeukia mtu vile. Hakupaza sauti. "Mtu wa kuiba ng'ombe," akasema, "haleti ngozi. Ukisema tena, utatoka kwenye nyumba hii na hutarudi mpaka nife." Kaka alirudi nyuma hatua moja. Nilijua angeondoka kweli, na baba angemwacha aondoke kweli.

Baba alichuchumaa. Akazishika zile namba moja baada ya nyingine, akazifuta matope kwa kidole gumba, akazisoma kwa sauti ya chini, yeye ambaye kusoma kulimpa shida. Akasema, "Nimeona."

Yule mzee hakusogea kuingia ndani kama ilivyo kawaida. "Bado," akasema. "Ngoja. Ilizaa."

Tulidhani uchovu umempanda kichwani. Akaketi palepale chini, akatueleza. Mke wa mwanawe alishikwa na uchungu wakati wa mvua zile. Wakamlaza nyuma ya gari pamoja na mama mkwe, wakaelekea hospitali ya Katesh. Kwenye korongo moja njiani, gari likazima katikati, na hapakuwa na maksai wala mteremko. Mtoto hakungoja. Alizaliwa mlemle, juu ya magunia, ni wa kike. Walikuwa ndio kwanza wamemfunga kitovu waliposikia mlima unanguruma, maji yanashuka. Dereva akambeba mama, bibi akambeba mtoto kifuani. Walipofika ukingoni na kugeuka, gari lilikuwa linabingirika. Maji yalipokauka walichimba mchangani siku nyingi. Injini ilibaki chini ya mawe. Kilichong'oka ni hiki.

"Maziwa nilikunywa mimi," akamaliza. "Nyama imekula maji. Lakini ndama ni ya mwenye ng'ombe. Huyo mtoto ni wako, rafiki. Atakaa kwa mama yake, ila wewe ndiye baba yake."

Kuku walikuwa wakidonoa maharage yangu na sikuwafukuza. Wa kwanza kusema alikuwa mama, mama aliyekuwa akililia gari lile misimu yote. "Mama yake mzima?"

"Mzima."

"Ananyonyesha?"

"Ananyonyesha."

Mama aliingia ndani, akatoka na ile kanga ya kanisani, aliyoivaa siku ile ya kuzungushwa mpaka dukani. Akaikunja, akampa yule mzee kwa mikono miwili. "Mpelekee binti yetu," akasema. Hapo ndipo baba alipofuta macho, akijifanya ni moshi, na jikoni moto ulikuwa umezimika.

Kaka hakuomba radhi siku hiyo, si mtu wa hivyo. Aliichukua boneti, akaiegemeza ukutani, na kesho yake bila kuambiwa akaezekea banda la kuku.

Gari jingine hatukununua. Mkoa ukagawanywa, Babati ikawa makao makuu, lami ikaja, magari madogo yakajaa kama panzi. Kila baada ya mavuno baba alishuka bondeni, baadaye kwa basi, akiwa na debe la mahindi na nguo ya mtoto. Alirudi na samli na habari: ameota meno, ameanza shule, ana kiburi. "Kama gari," alikuwa akisema. Yule mzee alitangulia kufa. Baba alikaa msibani kwake kama ndugu, na wenyewe wakamkubali hivyo.

Baba alipofariki, uwanja wetu ulijaa. Wakati wa kuweka udongo, katekista aliita watoto wa marehemu wajipange kwa umri. Tulijipanga. Nikamwona binti mmoja amesimama mbali, karibu na banda la kuku, mrefu, mkimya, ana kibuyu begani na kanga kiunoni. Kanga yenyewe ilikuwa imepauka, maneno hayasomeki, lakini niliijua. Hakusogea. Labda alidhani yaliyosemwa na wazee wawili uani yalikwenda nao.

Kaka aliondoka kwenye mstari. Mvi zimemjaa sasa, anatembea akiburuta mguu. Alikwenda moja kwa moja mpaka bandani, akamshika yule binti mkono, akamleta mbele ya watu wote, akamsimamisha mwishoni, baada ya mimi. Katekista akamtazama binti, kisha karatasi yake, kisha kaka.

"Huyu naye ni nani?"

"Ni mdogo wetu," kaka akasema. "Alizaliwa kwenye gari la baba."

Wakati jeneza likishuka nilikuwa nimejikaza. Hapo nilishindwa, nililia kwa sauti. Zamu yake ilipofika, binti aliinama, akachota udongo kwa mikono miwili, akautupa.